Meli za Wafungwa Zilikomeshwa na Waliopelekewa

Kuanzia sheria ya mwaka 1718 hadi meli ya mwisho, Hougoumont, ilipotia nanga Fremantle, Australia Magharibi, Januari 1868, Uingereza iliwasafirisha ng'ambo kama adhabu watu zaidi ya laki mbili. Wapatao 50,000 walipelekwa kwenye makoloni ya Amerika, hasa Virginia na Maryland, na wapatao 162,000 wakapelekwa Australia. Mara nyingi historia hii husimuliwa kana kwamba iliisha kwa sababu wakubwa wa London walistaarabika, wakaona aibu, wakajenga magereza ya kisasa. Ushahidi unaeleza jambo jingine. Karibu kila mahali adhabu hiyo ilipokoma, ilikoma kwa sababu wenyeji wa mahali hapo walikataa kuendelea kupokea. Dhamiri ya aliyetuma ilifika baadaye, tena ikiwa imechoka. Naliandika hili sasa kwa sababu serikali za nchi tajiri zimeanza tena kubisha hodi Afrika, mikataba mkononi, zikitafuta mahali pa kuwaweka watu zisiowataka kwao. Kabla ya kuzifungulia, tuwaangalie waliowahi kufungua mlango huo na waliowahi kuufunga.

Wengi wa waliopakiwa melini hawakuwa majambazi wa kutisha. Kufikia mwisho wa karne ya 18, sheria za Uingereza zilikuwa na makosa zaidi ya 200 ambayo adhabu yake ilikuwa kunyongwa, mengi yakiwa makosa ya mali: kuiba kondoo, kuiba farasi, kuiba bidhaa dukani. Mwizi ambaye kosa lake halikufikia kitanzi alipewa miaka 7 ng'ambo. Aliyeponea kitanzi kwa msamaha wa mfalme alipewa miaka 14 au maisha. Mwaka 1834, vibarua sita wa mashambani kutoka kijiji cha Tolpuddle, jimbo la Dorset, walihukumiwa miaka 7 kwa kula kiapo cha siri walipounda chama cha kutetea ujira wao. Umma ulipiga kelele hadi wakasamehewa mwaka 1836, lakini kesi yao inafichua kazi halisi ya adhabu hii. Iliondoa machoni mwa matajiri umaskini ambao wao wenyewe walishiriki kuuzalisha, pamoja na yeyote aliyethubutu kuulalamikia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. London ililijua hilo vizuri: tatizo likishavuka bahari, uzito wake huwa juu ya mabega mengine.

Mabega ya kwanza yalikuwa ya Waamerika. Wafanyabiashara walilipwa na serikali kuwabeba wafungwa, kisha, wakifika ng'ambo, waliuza kazi ya watu hao kwa wenye mashamba kwa muda wote wa kifungo. Wenye mashamba waliipenda nguvukazi ya bei nafuu, lakini jamii iliyowazunguka ililalamika. Virginia ilipotunga sheria ya kuibana biashara hiyo, London iliifuta. Mwaka 1751 Benjamin Franklin aliandika gazetini, kwa kejeli kali, kwamba Waamerika nao wawashukuru Waingereza kwa kuwapelekea shehena ya nyoka wenye njuga mkiani, wakaachiwe kwenye bustani za wakubwa. Kejeli haikuzuia meli hata moja. Kilichozizuia ni vita vya uhuru vilivyoanza mwaka 1775. Baada ya amani kupatikana, Uingereza ilijaribu tena kinyemela. Mwaka 1784 meli iitwayo Mercury ilifika Amerika na wafungwa wake ikakataliwa, ikalazimika kuelekea Honduras. Mwaka 1788 Bunge la Marekani changa liliyahimiza majimbo kutunga sheria za kuzuia wafungwa wa kigeni. Koloni halikuwa na uwezo wa kusema hapana. Nchi huru ilikuwa nao, na ikautumia.

Wakati huohuo nyumbani Uingereza watu walirundikana. Mwaka 1776 serikali ilianza kuwafungia wafungwa kwenye meli kuukuu zilizoegeshwa katika mto Thames, kwa mpango wa muda mfupi tu. Mpango huo wa muda ulidumu hadi mwaka 1857, na katika miaka yake miwili ya mwanzo zaidi ya robo ya walioingizwa humo walikufa. Ndipo macho yakaelekezwa Afrika. Mwaka 1782 wafungwa mia kadhaa walivalishwa sare na kupelekwa kuwa askari kwenye ngome za pwani ya Ghana ya leo. Maradhi yaliwaua wengi na wengine wakatoroka. Mwaka 1785 likaja pendekezo la kuwatelekeza wafungwa kwenye kisiwa kilicho ndani ya mto Gambia, bila hata walinzi, huku meli ya doria ikizuia njia ya kurudi baharini. Mbunge Edmund Burke alisimama kulipinga, akisema kuwapeleka watu huko ni kuwahukumu kifo kwa jina la huruma. Kamati ya Bunge ikalikataa. Meli nyingine ikatumwa kuchunguza pwani iliyo karibu na mdomo wa mto Orange, ikarudi na habari za ukame. Katika mijadala hii maradhi na ukame vilipimwa kwa makini. Matakwa ya wenyeji wa Gambia hayakupewa uzito huo.

Australia ilichaguliwa kwa kigezo ambacho kila Mwafrika anapaswa kukisoma mara mbili. Mwanasayansi Joseph Banks, aliyefika huko na Kapteni Cook mwaka 1770, aliiambia kamati ya Bunge mwaka 1779 kwamba Botany Bay panafaa, na moja ya sababu zake ni kwamba wenyeji wa huko ni wachache na hawatarajiwi kuleta upinzani mkubwa. Kwa maneno mengine, palifaa kwa kuwa palionekana hapana mtu wa kukataa. Msafara wa kwanza wa meli 11, chini ya Arthur Phillip, uliondoka Portsmouth Mei 1787 na kufika Januari 1788. Mwaka uliofuata mlipuko wa ndui uliwafyeka wenyeji waliokuwa kandokando ya bandari ya Sydney. Ardhi ilichukuliwa kana kwamba haikuwa na mwenyewe, na ilipita miaka zaidi ya 200 kabla ya Mahakama Kuu ya Australia, katika kesi ya Mabo ya mwaka 1992, kutamka kwamba dhana hiyo ilikuwa ya uongo. Wenyeji walipinga kwa mikuki na kwa kila njia waliyokuwa nayo. Walichokosa ni mtu wa kuwasikiliza London, kwa hiyo kukataa kwao hakukuandikwa popote kuwa ni kukataa.

Fedha nazo zilikuwa na somo lake. Msafara wa pili, uliofika mwaka 1790, ulikabidhiwa kampuni ya London yenye uzoefu wa kusafirisha watumwa. Ililipwa pauni 17 na kitu kwa kila mfungwa aliyepakiwa, awe atafika hai au hatafika. Katika wafungwa zaidi ya 1,000, wapatao 260 walikufa safarini, wengi wakiwa wamefungwa minyororo gizani bila chakula cha kutosha, na wengine zaidi ya 100 wakafa muda mfupi baada ya kushushwa. Serikali ilipobadilisha masharti, ikaweka malipo kwa wanaofika hai, na baada ya mwaka 1815 ikawapa madaktari wa majini mamlaka juu ya afya ya wafungwa, vifo vilipungua sana. Bahari haikuwa imetulia zaidi wala wafungwa hawakuwa wameimarika kiafya. Mkataba ndio uliobadilika. Mtu akilipiwa kwa kichwa, anayembeba huanza kumhesabu kama shehena, na hilo hutokea hata pale ambapo hakuna mtu mmoja katili kuliko wengine kwenye mlolongo mzima.

Tuje sasa kwenye mwisho wa adhabu hii, maana hapo ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka. Ni kweli kwamba mwaka 1838 kamati ya Bunge iliyoongozwa na William Molesworth ililaani mfumo mzima na kuufananisha na utumwa. Ni kweli pia kwamba mwaka 1840 meli ziliacha kwenda New South Wales. Lakini zilikwenda wapi? Zilielekezwa Van Diemen's Land, kisiwa kinachoitwa leo Tasmania, ambako mapema miaka ya 1840 wafungwa walimiminika kuliko wakati wowote kabla yake. Lawama ya London ilibadilisha bandari tu. Kufikia mwaka 1849, waziri wa makoloni, Earl Grey, alikuwa anataka kuzirudisha meli Sydney na kufungua bandari mpya kwenye Rasi ya Tumaini Jema. Juni mwaka huo meli ya Hashemy ilipoingia Sydney, maelfu walikusanyika bandarini kwenye mvua kupinga. Septemba meli ya Neptune ikafika karibu na Cape Town na wafungwa wapatao 280 kutoka Bermuda. Wakazi walikataa kuiuzia serikali chakula, wakamtenga yeyote aliyeshirikiana nayo, na gavana hakuthubutu kuwashusha wafungwa. Meli ilikaa majini miezi mitano, kisha Februari 1850 ikaondoka kwenda Van Diemen's Land. Barabara kuu ya Cape Town ikapewa jina la Adderley, mbunge wa Uingereza aliyewatetea wakazi hao.

Yaliyofuata yalikuwa mwendo uleule. Mwaka 1851 makoloni ya mashariki mwa Australia yaliunda umoja wa kudai usafirishaji ukomeshwe. Mwaka 1853 Van Diemen's Land nayo ikafungwa kwa wafungwa. Palibaki Australia Magharibi, na palibaki kwa sababu moja: wenye ardhi wa huko, waliokuwa na uhaba wa vibarua, waliomba wenyewe kupelekewa. Kati ya 1850 na 1868 wakapelekewa wanaume wapatao 9,700. Kwa hiyo palipokubali ndipo meli zilipokwenda, hata baada ya miaka 30 ya lawama za Bunge la London, na hata huko zilikoma baada ya makoloni jirani kupinga kwa nguvu. Wapo watakaosema kilichoua mfumo huu ni dhahabu iliyogunduliwa mwaka 1851, kwani haikuwa na maana tena kumwadhibu mwizi kwa kumpa nauli ya bure kwenda kwenye utajiri. Au ni magereza mapya kama Pentonville, yaliyotoa njia mbadala. Yote mawili yalichangia, sikatai. Lakini Pentonville ilifunguliwa mwaka 1842 na Neptune ilitumwa miaka 7 baadaye, wakati dhahabu bado haijapatikana. Njia mbadala ilikuwepo tayari na bado London ilipendelea meli, hadi ikakosa pa kuzishusha.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mfumo huu, pamoja na ukatili wake, ulifaulu. Mary Reibey alipelekwa akiwa msichana mdogo kwa kosa la kuiba farasi, akawa mfanyabiashara mkubwa, na sura yake imo kwenye noti ya dola 20 ya Australia. Francis Greenway, msanifu majengo aliyehukumiwa kwa kughushi hati, alichora baadhi ya majengo mazuri kuliko yote ya Sydney ya zamani. Maelfu ya wengine walipata cheti cha kuachiwa kwa masharti, wakafanya kazi ya kulipwa, wakaoa na kupata mashamba ambayo Uingereza wasingeyaota. Yote hayo ni kweli. Tuangalie, hata hivyo, London iliyapokeaje. Gavana Lachlan Macquarie alipowakaribisha mezani na kuwapa vyeo waliomaliza vifungo, serikali ilimtuma John Thomas Bigge mwaka 1819 kuchunguza, ikiwa na wasiwasi kwamba adhabu imepoteza makali. Ripoti zake zilifuatwa na masharti magumu zaidi na makambi ya kutisha kama Norfolk Island na Port Arthur. Mafanikio ya wafungwa yalitokana na pale walipotendewa kama watu, jambo ambalo waliowatuma walilihesabu kuwa kasoro. Tena mashamba waliyopewa yalikuwa ya wengine. Anayeusifu mfumo kwa matunda yake ataje na shamba lililotoa matunda hayo lilivyopatikana.

Afrika Mashariki nayo inaijua mbinu hii. Waingereza walipowashinda Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro mwaka 1899, waliwapeleka Shelisheli. Mwanga alifia huko na Kabalega aliachiwa mwaka 1923 akafariki njiani kurudi kwao. Visiwa vile havikuulizwa kama vinataka kuwa gereza la dola. Leo tunaulizwa, na hapo ndipo ilipo tofauti. Aprili 2022 Uingereza ilisaini mkataba na Rwanda wa kuwapeleka huko waomba hifadhi waliofika kwake bila vibali. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliukuta kinyume cha sheria Novemba 2023, na serikali mpya ikaufuta Julai 2024, baada ya mpango kuigharimu Uingereza pauni zipatazo milioni 700 na kupeleka watu wanne tu, waliokwenda kwa hiari. Mwaka 2025 Marekani iliendeleza wazo hilohilo. Ilipeleka wanaume wanane Sudan Kusini, na wengine watano, waliowahi kuhukumiwa kwa makosa ya jinai nchini Marekani, ilikwenda kuwaacha Eswatini, wakafungiwa gerezani katika nchi ambayo hawakuwa na kosa nayo wala ndugu ndani yake. Rwanda na Uganda zikatangaza makubaliano yao na Washington. Nigeria ilikataa hadharani.

Watetezi wa mikataba hii hujibu kwamba mambo yamebadilika: siku hizi ni nchi huru zinazokubaliana, fedha zinalipwa wazi, na wanaopelekwa wengi si wafungwa hata kidogo. Nakubali kwamba mwomba hifadhi si mhalifu, na hilo linaudhoofisha mkataba badala ya kuuimarisha. Kama kumsafirisha mwizi aliyehukumiwa mahakamani kulikuwa dhuluma, kumsafirisha asiyeshtakiwa kwa lolote kunahitaji sababu nzito zaidi. Kuhusu hiari ya serikali, Australia Magharibi nayo ilikubali, lakini walioomba ni wenye ardhi. Hakuna aliyekwenda kuwauliza Wanoongar ambao nchi ilikuwa yao. Saini ya waziri ni jambo moja, na ridhaa ya wananchi ambao hawajauona mkataba ni jambo jingine. Na kuhusu fedha, somo la mwaka 1790 linatosha. Malipo yanayohesabiwa kwa idadi ya watu humfanya mpokeaji ahitaji watu zaidi, na mtumaji ajali zaidi kuondoka kwao kuliko kuishi kwao.

Lipo pingamizi lililonisumbua zaidi kuliko hayo. Kukataa kunaweza kuwa ubaguzi uliovaa joho la uzalendo. Wengi wa waliosimama dhidi ya Neptune mwaka 1849 walikuwa walowezi walioishi kwa jasho la Waafrika, miaka michache tu baada ya utumwa kufutwa, na walichohofia ni doa la kuitwa koloni la wezi. Waaustralia waliopinga meli nao waliwabandika wafungwa majina ya aibu ambayo watoto wao waliyabeba kwa vizazi. Leo kelele za kukataa zinaweza kugeuka kwa wepesi kuwa chuki dhidi ya Mvenezuela au Mwafghanistan ambaye hakuchagua kuletwa. Lakini kukataa mkataba na kumkataa mtu ni vitu viwili. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi zaidi ya 162,000, waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 pamoja na wazao wao, idadi inayokaribia sana ile ya wafungwa wote waliopelekwa Australia katika miaka 80. Rwanda yenyewe tangu mwaka 2019 imepokea wakimbizi waliokwama Libya, kwa utaratibu wa shirika la Umoja wa Mataifa na kwa ridhaa yao. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni huja kwa miguu yake au kwa hiari yake. Anayeshushwa kwenye ndege akiwa na pingu hatujamkaribisha; tumekodishwa kumshika.

Kwa hiyo serikali yoyote ya ukanda huu inayotaka kusaini mkataba wa namna hii inapaswa kutimiza mambo matatu kwanza. Mkataba mzima, pamoja na kiasi cha fedha na namna kinavyohesabiwa, uchapishwe kabla ya kusainiwa. Bunge liujadili na kuupigia kura kwa uwazi, kwani Cape Town ilishinda kwa mikutano ya hadhara na magazeti, na isingeshinda kwa barua za siri. Na asipokelewe mtu yeyote ambaye hajaridhia mwenyewe kuja, mbele ya mwanasheria wake. Mikataba mingi haitapita vigezo hivyo, na haipaswi kupita. Wanaoituma watalalamika kwamba tunawaachia tatizo lao. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1853, Uingereza ilipobanwa ikatunga sheria ya kuwatumikisha vifungo wahalifu wengi ndani ya nchi yake yenyewe, na nchi hiyo haikusambaratika. Ilikuwa na uwezo wa kubeba mzigo wake tangu mwanzo. Ilihitaji tu kunyimwa mahali pa kuutua.